Birika la Tryphosa na Kano za Fahali

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Walisema hivyo kwa kuwa hawakuwahi kufika Ikonge wakamkuta Tryphosa, mke wa Zachariah Omwenga, siku ya usafi. Na kwa Tryphosa, ndugu yangu, siku ya usafi ni siku yoyote ambayo jua limechomoza.

Alizaliwa upande wa Kenyenya, akaolewa Ikonge akiwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alifanya kazi miezi minane ya kufagia wodi katika zahanati ya misheni. Huko nesi mmoja alimwambia kwamba vijidudu huogopa kitu kimoja tu duniani, maji yaliyochemka. Basi! Hayo maneno yalimwingia yakapiga kambi. Miezi minane ya kufagia imetoa miaka hamsini ya kuchemsha. Amechemsha vikombe, vibuyu vya maziwa, leso, sega la mumewe. Aliwahi kumwagia maji moto viatu vya plastiki vya mwanawe Duke, vipya kabisa, vikajikunja hadi mtoto akaenda shule na viatu vya dada yake. Corona ilipokuja na serikali ikatangaza watu waoshe mikono, Tryphosa alikasirika wiki nzima. Eti sasa ndiyo wanajua!

Kanisani yeye ni shemasi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Kazi yake ni kuandaa mabeseni ya kutawadhana miguu kabla ya meza ya Bwana. Waadventista wa sehemu nyingine hutawadhana kwa upole na nyimbo laini. Pale Ikonge wazee hutumbukiza mguu na kuuchomoa wakisema "Yesu wangu!" na mgeni hudhani ni Roho ameshuka.

Huyo ndiye Tryphosa. Na sasa nikuambie alivyoponzwa na birika lake, wiki ile ya kumwoza mjukuu wake.

Mumewe Zachariah, katika ujana wake, alikuwa mpiga obokano. Kama hujawahi kuuona, obokano ni chombo cha Wagusii cha nyuzi nane, bakuli lake kubwa kama beseni la kufulia, limewambwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake huunguruma mpaka uisikie kwenye mbavu. Zachariah aliitwa kila penye chungu cha pombe kuanzia Ikonge hadi Keroka. Halafu mchungaji wa zamani, mtu wa sheria nyingi, akambatiza, na Tryphosa aliyekuwa amebatizwa kabla yake akamwambia mumewe, bila kuzungusha: "Chagua. Mimi au hicho." Zachariah akaupandisha obokano darini. Miaka arobaini hakuutaja, hakuuliza, hakununa. Kuku walitaga ndani yake na yeye akawa anakula mayai kimya.

Aliyeushusha ni Mokeira, binti wa Duke, mwalimu wa biolojia katika shule moja ya upili karibu na Keroka. Kwetu mjukuu na babu hutaniana bila mpaka, na Mokeira tangu utotoni hujiita mke mdogo wa Zachariah. Basi alipopata mchumba alikuja akasema, "Bwana wangu, naolewa na kijana. Usiponipigia obokano siku ya kuondoka, siondoki, nitabaki hapa nikusumbue." Mchungaji wa sasa, kijana wa juzi tu, alisema hana neno mradi wimbo uwe safi. Watu wote wakamgeukia Tryphosa. Tryphosa akasema, "Mimi nimesema nini? Sijasema kitu." Na ni kweli hakusema. Lakini Ikonge nzima ilijua shemasi anavyouchukia ule mnyama wa nyuzi nane, na watu wakakaa wakingoja.

Nyuzi za zamani zilikuwa zimeliwa na panya. Zachariah akatafuta kano za fahali, zile ndefu za mgongoni, akazikwangua nyama, akazianika, akazipasua uzi kwa uzi mwezi mzima kwa vidole vyake vya miaka sabini na minne. Jumatatu jioni, siku sita kabla ya harusi, akazilaza kwenye maji baridi zilainike apate kuzisokota. Jumanne asubuhi akaenda kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha ununuzi.

Tryphosa akapita karibu na lile beseni. Akanusa. Akasimama.

Hapa naomba umwamini, maana wengine hawakumwamini. Alijua ni kano za obokano. Hakuwa na nia mbaya hata punje. Aliwaza tu kwamba Jumapili kutakuja wakwe, watu wa heshima zao, na mumewe atakuwa amekumbatia kitu kinachonuka buchari. Akasema moyoni, maskini mzee wangu, ngoja nimsaidie. Na Tryphosa akitaka kusaidia hutafuta birika.

Alimimina. Loo! Kano zikashtuka kama kitu kilicho hai. Zilizokuwa na urefu wa mkono zikajikunyata zikawa za shibiri, nene, zimejipinda kama nyungunyungu aliyetiwa chumvi. Sasa mtu mwingine angeacha. Yeye akaona labda maji hayakuwa moto vya kutosha, zikichemka sawasawa zitalegea. Akaongeza birika la pili, na kwa uhakika zaidi akazihamishia kwenye sufuria, akaiweka motoni. Alipokuja kuuvuta uzi mmoja, ulinyooka kidogo kama ubani wa kutafuna, ukakatika. Vidole vyake vikashikana kwa ute.

"Mokeira!" aliita. "Mokeira we! Njoo uone mambo!"

Mokeira, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya harusi, akaja, akachungulia sufuria, akaziba mdomo. Alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua.

"Magokoro," akasema, yaani bibi kwa Kigusii, "umepika nyuzi za babu."

"Sijapika. Nimeosha. Zirudishe."

"Hazirudi."

"Wewe si mwalimu wa hayo mambo ya mwili? Zirudishe!"

Mokeira akaketi kwenye kigoda, akauchukua mkia wa kamba ya nyuzi za mgomba ambayo bibi yake alikuwa akiisokota kwa ajili ya kufungia mbuzi. "Hii umeisokota nyuzi ngapi?"

"Tatu. Kwani umeona ngapi?"

"Kano nayo imejengwa hivyo hivyo. Kuna protini inaitwa kolajeni. Nyuzi tatu, ndogo hata darubini ya shule haizioni, zimezungukana kama hizi zako. Kamba hizo zinalazwa bega kwa bega, zinafungana, zinakuwa kamba kubwa, na kubwa tena, mpaka unapata kano ya kuvuta mguu wa fahali. Halafu kila uzi una vipande vyake vimepangana, na kila kipande cha tatu ni lazima kiwe kile kidogo kuliko vyote. Kinaitwa glisini. Kwa sababu ndicho kinachokaa upande wa ndani, na huko ndani ni kubanana tu."

"Kama benchi la kwaya," Tryphosa akasema. "Ukiketisha Gladys na Nyanchera, wa tatu awe Lorna mwembamba, la sivyo mtu anaanguka."

"Haswa. Sasa kinachoshikilia zile nyuzi tatu zisiachane ni vifungo vidogo vidogo, vingi sana, lakini moto unavifungua. Ukimwaga maji moto, kamba inafumuka, kila uzi unajikunja kivyake, ndiyo maana zilifupika. Ukiendelea kuchemsha zinayeyuka. Huo ute ulio vidoleni mwako ndio ile supu ya kwato inayoganda asubuhi."

Tryphosa akavitazama vidole vyake. "Na zikipoa?"

"Zitaganda. Lakini kuwa kamba tena, hapana."

"Hata nikiomba?"

"Omba, Magokoro, lakini tafuta kano nyingine."

Bibi akausugua ule ute katikati ya vidole. Kisha akauliza kama mwili wa mtu nao una kitu hicho. Mokeira akamwambia ndicho kinachotushikilia sote: kiko kwenye mfupa, kwenye gegedu la goti, kwenye ngozi, kwenye kile kioo cha mbele ya jicho, na kwenye fizi. Mtu akikosa matunda na mboga muda mrefu, vitamini C inamwishia, mwili unasokota kamba mbovu, fizi zinatoka damu, meno yanalegea. Na uzeeni mwili unasokota polepole, ndiyo maana ngozi inakunjamana.

"Kumbe haya makunyanzi si dhambi zangu," Tryphosa akasema.

"Mengine," Mokeira akamjibu. Haya ndiyo matani ya mjukuu, usiyajaribu kwa mama mkwe.

Lakini kicheko kiliishia pale, maana mlango wa mbele ulilia na Zachariah akaingia na kikapu kitupu. Aliiona sufuria. Akaliona beseni tupu.

Zachariah hakufoka. Aliiinamia sufuria, akazungusha kijiti ndani, akakiweka chini taratibu. "Si kitu, Mama Duke," akasema. "Ungeniambia tu kwamba bado hutaki. Ningeelewa." Akachukua kofia yake akaenda kukaa nje na mbwa.

Ala! Heri angemtukana. Tryphosa alibaki amesimama na shavu limemwiva. Mzee yule alikuwa amemsamehe jambo ambalo hakulifanya! Alidhani amechemsha kusudi, akamsamehe papo hapo kwa sauti ileile ya upole, kama aliyelizoea. Na Tryphosa akaona kwamba Zachariah asipopiga obokano Jumapili, basi mpaka siku ya kuzikwa mumewe atamjua kuwa mwanamke aliyeunyamazisha ule obokano mara mbili. Alimfuata nje akamwambia haikuwa kusudi. Zachariah akasema, "Najua, najua," kwa namna ya mtu asiyejua.

"Mtu huyu ataniua na wema wake," Tryphosa akamwambia Mokeira. Akafunga kilemba, akashuka sokoni.

Mogire, mwenye buchari ya Ikonge, alikuwa akikata matumbo alipomwona shemasi amesimama mbele ya dirisha lake. Mara moja akaficha sigara.

"Nataka kano," Tryphosa akasema. "Za mgongo. Ndefu. Za fahali, si za ng'ombe aliyezeeka."

"Za kumpa mbwa?"

"Za obokano."

Mogire akaliweka kisu chini. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua maini wakageuka. Tryphosa aliona habari ikiondoka pale kwa miguu yake ikisambaa sokoni kote, akainua kidevu. "Mmesikia. Za obokano wa mume wangu. Nilizokuwa nazo nimezipika. Kuna mwenye swali?"

Mogire akasema kesho alfajiri anachinja, aje mapema.

Jumatano akaja nazo, nane na mbili za akiba, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Zachariah alizitazama, akamtazama mkewe, akasema siku hazitoshi. Kano hutaka wiki mbili za kukauka, na hapa kwetu Nyamira mvua haikosi saa tisa. Mokeira akasema zikichanwa vipande vyembamba na kutundikwa juu ya meko zitakauka, mradi joto liwe dogo, la kupitisha mkono tu. Moto ukiwaka kwa nguvu wakati kano bado mbichi, yatakuwa yale yale ya Jumanne.

Na hapo ndipo Tryphosa alipopewa adhabu ambayo hakimu asingeifikiria. Siku mbili, Jumatano na Alhamisi, aliulinda moto usiwake. Yeye! Aliketi kando ya meko akirudisha kuni nyuma, akipeleka mkono juu kila mara kupima joto. Chai ilikuwa vuguvugu. Vyombo vilioshwa kwa maji ya mtungi. Birika lilikaa kando limepoa, na kila alipolitazama alishusha pumzi. Duke alipopita kumsalimu mamaye na kukuta vikombe havitoki mvuke, alidhani kuna msiba.

Alhamisi jioni kano zilikuwa kavu, ngumu, za rangi ya asali. Zikabaki kuchanwa uzi kwa uzi. Kazi hiyo, ukitaka iwe laini, hufanywa kwa meno. Unalainisha ncha mdomoni, unauma, unavuta, nyuzi zinaachana. Zachariah ana meno manne, na mawili hayajuani. Mokeira alijaribu akatapika, tena alikuwa bibi harusi, wakamwonea huruma. Tryphosa ana meno yake yote thelathini na mbili.

Alikiangalia kile kipande. Kitu kilichotoka mgongoni mwa fahali, kilichoshikwa na mikono ya Mogire yenye sigara, na hakijapitiwa na tone moja la maji moto. Midomo yake ilicheza. Sijui kama alisali au alimlaani yule nesi wa zahanati. Akafumba macho, akatia mdomoni.

"Ina ladha gani?" Mokeira akauliza.

"Ya ndoa," Tryphosa akasema kwa meno yaliyofumbata, akavuta.

Alizichana zote. Zachariah aliketi ng'ambo ya meko akizipokea moja moja, macho yake hayakutoka mdomoni mwa mkewe. Ijumaa asubuhi wakazilainisha kwa maji baridi, wakazisokota wote wawili, kila mmoja kwenye paja lake, wakazikaza kati ya nguzo mbili za veranda zikauke zikiwa zimenyooka. Walipofunga uzi wa mwisho jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba, na Sabato ilikuwa inakaribia.

Kwao saa hiyo ya Ijumaa ni ya kutengeneza. Aliyemkosea mwenzake husema kabla jua halijazama, ili aingie Sabato mwepesi. Tryphosa alijifuta mikono kwenye leso.

"Baba Duke, lile la Jumanne sikukusudia. Uamini usiamini, shauri yako. Lakini la miaka arobaini, lile la chagua, nilikusudia. Nilijua jinsi ulivyokipenda kile kitu na nikakutaka ukiache ili nijue kama unanipenda zaidi. Mchungaji alikuwa kisingizio. Ukakiacha siku hiyo hiyo, na mimi sikukuambia hata asante. Hilo ndilo naomba unisamehe. Lile la sufuria ulinisamehe bure, lirudishe."

Zachariah alizitazama zile nyuzi nane zilizonyooka kati ya nguzo. Kengele ya kanisa ikalia huko juu.

"Tuingie ndani, Mama Duke," akasema. "Sabato imefika."

Ndiyo hayo tu! Usiku ule na Jumamosi yote Tryphosa alikaa na ombi lake mkononi bila jibu. Kanisani aliimba nusu nusu. Alikula chakula baridi kilichopikwa jana yake, akasema ni kitamu, watu wakatazamana.

Jumapili wakwe walifika na magari yamefungwa riboni. Ua ulijaa: kanisa zima, walimu wenzake Mokeira, Mogire na shati jeupe, hata wale wanawake wawili wa maini. Zachariah alifunga nyuzi asubuhi kwa mkono wake, akatoka na obokano, akauegemeza kwenye kifua. Watu waligeuka kumwangalia shemasi. Tryphosa alikuwa mstari wa mbele, mikono imefungamana, macho kwenye ule uzi mnene wa chini, akiuomba ushike.

Mzee akagusa. Vidole vilijikwaa mara mbili, vikapata njia, na mngurumo ule ukatoka, mzito, watu wakahisi viti vinatetemeka. Uzi ulishika. Nyuzi zote nane zilishika. Mokeira akapiga kigelegele akiwa na shela yake.

Mpiga obokano hapigi tu, husema watu. Huwataja kwa majina, huwasifu, huwachokoza mbele ya wageni, na huwezi kumkatiza. Zachariah alianza na bwana harusi, kwamba amechukua mke wa mtu. Akamtaja Mogire na sigara zake. Kisha akapunguza sauti, akaimba kwa Kigusii, kila mtu akisikia, kwamba yeye ana mke anayeitwa Tryphosa, mwenye meno thelathini na mbili, na kwamba mke huyo amemkosea mara mbili, mara moja kwa birika na mara moja kwa moyo. Lile la birika sasa ameamini halikuwa kusudi, maana hakuna mwanamke anayetia kano isiyochemshwa mdomoni kwa ajili ya uongo. Na lile la moyo alilisamehe siku ileile alipoupandisha huu obokano darini. Miaka arobaini alikuwa akingoja tu aulizwe, na Ijumaa alipoulizwa, koo lilikataa kutoa sauti, akaona bora asubiri nyuzi zimsemee.

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Tryphosa alilia waziwazi, hakutafuta leso. Zachariah alipomwona analia akadhani amezidisha, akaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha.

Tryphosa akasimama mbele ya kanisa zima la Ikonge.

"Usiache, Baba Duke," akamwambia. "Piga."